Karatasi Ndani ya Njumu

Mama,

Maharagwe yako jikoni, yaongeze maji. Nitarudi ~~saa kumi~~ saa kumi na mbili, maana baada ya mechi ya chuo napitia kule Masara kuwafundisha wale wasichana hesabu.

Asubuhi nilikufokea, nisamehe. Ulinioshea njumu ukazijaza karatasi zikauke, kumbe ndizo nilizokuwa nasomea mtihani wa leo. Nimezipiga pasi moja moja, na kila niliyoipiga nikaisoma. Tangu nijiunge na timu sijawahi kujiandaa hivyo. Njumu nazo zimekauka vizuri. Asante.

Karatasi nimekuachia chini ya redio, yaliyomo ninayo kichwani. Nikirudi na njumu zenye tope, zijaze hizohizo.

Kifungua mimba wako,
Awino