Mihogo Isiyolainika Kagomora

Kijiji cha Kagomora,
Kata ya Kasulo,
Ngara, Kagera.
16 Juni 2024

Mpendwa mpwa wangu Frednand,

Marahaba. Shikamoo yako uliyoituma kwa simu ya mwanangu Philbert imenifika. Naijibu kwa barua, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito na simu za huku hukatika. Je, hamjambo? Mkeo Nice amepona kifua? Priscila ameanza kutembea? Sisi tu wazima, ila magoti yangu hayapendi tena kupanda mlima kwenda misa ya kwanza, nami huyalazimisha.

Ulimwomba mama yako aje kuishi nanyi huko kusini, karibu na mgodi wa makaa ya mawe unakofanya kazi. Dada yangu hajui kuandika, hivyo amenituma nikujibu. Soma kwa utaratibu, usiruke mistari.

Unajua kwamba mama yako ameishi kwa udaga. Tangu usichana wake huloweka mihogo michungu katika mashimo ya kandokando ya kijito; ikilainika huitoa, huianika juu ya mwamba, na unga wake ndio uliokusomesha. Msimu huu mihogo haikulainika. Ilitoka migumu kama kuni, ikiwa na rangi ya kutu.

Wewe ni mtoto wa hapa, unajua wanawake wetu wanaamini nini. Mjane ambaye hajaondolewa msiba hatii mkono katika shimo la mwenzake, la sivyo mihogo hukataa. Jirani yetu Bonifasia alimzika mumewe Yohanes wakati wa masika. Mama yako akamfuata kijitoni mbele ya watu.

“Bonifasia, umetia mkono katika shimo langu na msiba ungali mwilini!”

“Mimi? Na shimo langu mwenyewe nimelitia mkono wa nani? Njoo ulitazame, mama Frednand, mihogo yake ni kuni vilevile. Tazama na la wifi yako Verediana. Au mikono yangu ni mirefu kama foleni ya malori ya mpakani Rusumo?”

Wanawake walicheka. Mama yako hakucheka, wala hakutazama. Siku chache baadaye Bonifasia alifunga mizigo yake akaenda kwa kaka yake, Biharamulo.

Kisha vyura wakaanza kuelea wamekufa. Philbert alipanda kijito hadi juu akaona bomba. Kuna mgodi mdogo wa dhahabu uliofunguliwa nyuma ya mlima. Wanavuta maji kutoka shimoni kwa pampu na kuyamwaga bondeni, upande ambao hatuupiti. Kuanzia hapo hadi kwetu mawe yamevaa utando mwekundu. Ng'ombe huyanusa maji, kisha hugeuka.

Mgodi ulimtuma afisa wake. Alitueleza kwamba maji yamepimwa na hayana madhara. Ildefonce, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akamjibu kwa upole: “Vizuri, bwana mkubwa. Chakula kiko tayari. Shuka unawe kijitoni.” Yule bwana alinawa kwa maji ya chupa kutoka garini.

Baadaye walituletea tenki. Maji yake ni ya kunywa tu, tena hayatoshi. Mihogo hailowekwi tenkini.

Mama yako alikwenda Biharamulo kumwomba radhi Bonifasia. Alipokewa vizuri, akapikiwa, akasamehewa. Alipomsihi warudi pamoja, Bonifasia alimwuliza: “Nirudi, niloweke wapi?” Dada yangu alirejea peke yake, na tangu hapo hajashuka kijitoni. Hukaa mlangoni, mikono mapajani. Kabla ya haya sikuwahi kumwona akikaa hivyo mchana.

Sasa jibu lake. Nimesahihisha lugha tu. Maneno ni yake.

“Mwambie mwanangu nimesikia, na nampenda. Lakini kazi yake huko ni kuendesha pampu ya kutoa maji mgodini. Anieleze kwanza anayamwaga katika mto upi. Aushuke mto huo kwa miguu, awatafute wanawake wanaoutumia, awaulize kama mihogo yao inalainika. Wakisema ndiyo, nitafunga mzigo. Wakisema hapana, nitabaki hapa. Afadhali njaa ya kijito alichokiharibu mwana wa mwingine, kuliko shibe ya kijito alichokiharibu wangu.”

Nilimwambia kwamba pengine huko wanasafisha maji kwanza kabla ya kuyatoa. Alinijibu kwamba hata yule afisa alisema maji hayana madhara. Nikaendelea kuandika.

Frednand, usimjibu kwa kubahatisha, wala usimjibu kwa kumfurahisha. Nenda ukaulize.

Msalimie sana Nice, na umbusu Priscila kwa niaba yetu. Mke wangu Verediana, Philbert na mzee Ildefonce wanawasalimu. Mungu awalinde njiani na nyumbani, awape kuona yaliyo kweli na nguvu ya kuyasema.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye daima,

Anatoli Ntakirutimana