Wimbo Uliokataa Kunyooshwa

Kalangalala, Geita

Mayu, mama yangu, Mama Kulwa,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba na sasa unageuza karatasi kuona kama barua ni ndefu. Ni ndefu. Nimempa dada Nkwimba, yule anayekuja huko Kagongwa kila anapoishiwa mchele wa kuuza, na nimemwomba akukabidhi wewe mkononi, si baba, wala si dada Doto akusomee kwa sauti uani. Miwani unayo. Kaa jikoni usome peke yako.

Mimi mzima. Kikohozi kimepungua tangu tulipopewa vitambaa vya kuziba pua hapa karasha, ingawa mawe yanasagwa kutwa na vumbi lake halina adabu, linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Bado napanga chumba kimoja na Athumani, yule Mmanyema wa Kigoma niliyekwambia anapika vizuri kuliko wake za watu. Habari za huko? Bibi mguu umemwachia? Mbegu za viazi mmepata? Na baba je?

Hilo la baba ndilo limenifanya niandike badala ya kupiga simu. Kila nikipiga nikakuuliza baba anaendeleaje, unanijibu "Mhola duhu," mzima tu, halafu unaniuliza kama nimekula. Simu yenyewe ni moja, mnaisikiliza wawili, na sauti mmeifungulia mpaka kuku wanajua habari zangu. Nina swali kuhusu afya ya baba, na safari hii sitaki mhola duhu. Lakini nikikuuliza kabla hujajua nimejuaje, utanikwepa, nakufahamu. Kwa hiyo nivumilie kwanza nikueleze habari za katuni.

Ndiyo, katuni. Unaukumbuka ule mchezo wangu: nachukua katuni za Kijapani, nazikatakata vipande vidogo, navipanga upya juu ya wimbo mpaka mtu aape kwamba katuni ilichorwa kwa ajili ya wimbo huo. Ngoma ikilia, upanga unashuka. Ngoma ikinyamaza, kijana anafumba macho. Wewe uliniuliza mtu mzima anapataje usingizi akiwa anacheza na watoto wenye macho kama sahani. Sawa. Lakini tuko wengi wenye ugonjwa huu, tuna kundi letu kwenye simu, wengine wako Mwanza, wengine Dodoma, wengine Mbeya, na juzi juzi tukawekeana mashindano: kila mmoja atumie wimbo wa kwao.

Sikufikiri mara mbili. Nikachukua wimbo wako wa kulima, ule niliourekodi kwa simu nilipokuja likizo, mlipokwenda kumlimia jirani yetu Mzee Maduhu matuta ya viazi. Si ile ngoma ya bugobogobo ya kuwachezea wageni wa serikali majembe yakirushwa juu, bali kulima kwenyewe, wewe umesimama mbele unaimba, na safu nzima inakujibu kwa majembe. Nikajisemea, hawa wa Dodoma watanitambua.

Mama, nimeteseka. Kwanza katuni zenyewe. Hapa mjini unazinunua kwenye vibanda vya muvi, unaingiziwa kwenye flashi, na karibu zote zimetafsiriwa na wale jamaa wanaosimulia juu ya picha. Sauti zao si kitu, nazifuta. Lakini kila mmoja amegonga jina lake na namba yake ya simu juu ya picha kwa herufi za njano, ili usisahau nani kakutafsiria. Kijana anamlilia mama yake aliyekufa, machozi yanashuka, na kwenye paji la uso wake panasomeka kwamba anapokea oda za jumla na rejareja. Nikikata sehemu ya juu ili namba iondoke, kijana naye anaondoka na nywele, na katuni za Kijapani bila nywele ni sawa na harusi bila bibi harusi. Nikaikuza picha, ikawa ukungu. Nikatafuta nakala nyingine, nikaipata safi kabisa, ila ina maandishi ya Kiarabu chini. Nikakata juu, nikakata chini, nikabaki na pua.

Kompyuta nayo ni mtumba. Feni yake ilikwisha kuzibwa na vumbi la karasha, sasa nimeinyanyua kwenye makopo mawili ya maziwa na kuielekezea feni ya mezani, na Athumani ananuna kwa sababu feni ni yake. Ukishapanga vipande lazima kompyuta ivichome vyote viwe video moja, na hapo ndipo unapojua kuomba. Inakwenda polepole, polepole, inakaribia kumaliza, umeme unakatika. Unarudi, unaanza upya, unakatika. Siku moja umeme ulikaa, nikashangilia, na video ikatoka na skrini nyekundu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nilikuwa nimeichomoa flashi yenye katuni nikamwekea Athumani kaswida zake. Nilikaa nje nikatazama ukuta wa jirani mpaka ugali ukaiva.

Yote hayo ningeyasamehe. Kilichonishinda ni mdundo wako. Katika mchezo huu unaupima mdundo, unaweka alama, na kila alama unaipa picha yake. Nikaupima wimbo pale mwanzo, ukakaa vizuri. Nikaweka alama mpaka mwisho. Upanga wa kwanza ukashuka pamoja na majembe, safi. Wa pili safi. Kufika katikati, upanga umeshashuka, majembe bado yako hewani. Kufika mwisho kijana ameshapigana, ameshashinda, amekwenda zake, nyinyi ndio kwanza mnashusha jembe. Nikailaumu simu. Nikailaumu programu, nikaifuta, nikaiweka nyingine, nikateketeza bando zima kuipakua. Hali ileile. Nikatuma hivyohivyo kwenye kundi ili wenzangu wanisaidie, na Neema wa Mwanza, ambaye ulimi wake hauna breki, akaandika mbele ya watu wote kwamba wimbo unayumba na mama wa kijijini asilaumiwe kwa kutojua kuhesabu.

Hapo damu ilinichemka. Wewe hujui kuhesabu? Wewe uliyeimbisha safu ya watu arobaini tangu sijazaliwa? Nikaapa kuunyoosha ule wimbo mpaka Neema aombe radhi. Nikausikiliza kwa makini, nikaona unapokosea. Samahani, nilidhani unakosea. Kila mwisho wa mstari unalivuta neno la mwisho. Mwanzoni unalivuta kidogo tu, kadiri wimbo unavyokwenda unalivuta zaidi. Basi nikawa nakata. Kila ulipovuta, nikapunguza, mstari unaofuata ukaingia mahali pake. Kazi ya siku yangu yote ya mapumziko, mkato baada ya mkato, shingo imekauka. Nilipomaliza, mdundo ulikuwa umenyooka kama reli. Nikaufungulia kwa sauti kubwa kumtambia Athumani, aliyekuwa anakaanga dagaa amenipa mgongo.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, bila kugeuka, "Mbona huyo mmoja mmemwacha nyuma?"

Nikamuuliza mmoja gani. Akasema yule ambaye jembe lake linalia kama sahani ya bati. Nikarudia kusikiliza, nikalitambua, mama. Ni jembe la baba. Lile lenye ufa, ambalo hataki kulibadilisha, hakuna asiyelijua pale kijijini. Majembe yote yanashuka, na la baba linashuka baadaye, peke yake, katikati ya mstari wako mpya. Nikaufungua wimbo wa asili ambao sijaukata. Pale unapovuta neno, kumbe ndipo jembe la baba linapofika. Likishafika ndipo unaliachia neno na kuanza mstari mwingine. Kila mara. Wala hukosei hata mara moja. Na kwa kuwa safu yote inakufuata wewe, wote wanachelewa pamoja naye, na hakuna anayegundua kwamba kuna anayechelewa.

Kwenye ile video ya simu nilikuwa nimechukua sauti tu, picha zake niliziweka pembeni. Nikazitafuta nikazitazama. Nilikuwepo pale siku ile, nimeshika simu, nacheka, na sikuona kitu. Sasa nimeona. Wewe huitazami safu, unamtazama mtu mmoja. Na baba ananyanyua jembe kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ameuweka tu juu ya mpini, vidole havijakaza. Nimeikuza picha mpaka ikawa mraba mraba, na bado vidole havijakaza. Kuna mahali mkono unateleza, anaurudisha kwa ule mwingine, kisha anamtania mtu wa jirani yake ili watazame kwingine.

Basi swali langu ni hili. Mkono wa baba una nini, na tangu lini unajua?

Nimekukasirikia, mama, siwezi kuficha. Nimekukasirikia kuliko nilivyomkasirikia Neema. Mimi nimepoteza siku yangu ya mapumziko na umeme wa watu kusahihisha kosa ambalo halikuwa kosa, na wewe kila Jumapili ulikuwa unaniambia mhola duhu. Najua umefanya hivyo ili asiaibike. Mtu aliyeongoza safu ujana wake wote, ambaye Mzee Maduhu anamwita tingatinga, atajisikiaje akiambiwa akae kivulini na wazee? Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa mwaka huu tumemwona fundi wetu wa mashine alivyoanza na ganzi ya mkono, akisema ni uchovu. Sasa analishwa uji. Mvua zikianza, watu watakuja kumwita baba kwenye safu kama kawaida, naye atakwenda, na wewe utaimba polepole zaidi, halafu siku moja hutaweza kuuvuta wimbo zaidi ya hapo. Nikiwaza hilo naogopa, mama. Ndiyo sababu sauti ya barua hii iko juu.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla ya mvua, mpelekeni hospitali ya Kahama akapimwe, si dukani kwa dawa za kuchua. Kaka Kulwa amsindikize, maana akienda na wewe peke yako mtarudi mmebeba maneno matamu. Akikataa, usimwambie habari ya mkono. Mwambie wimbo wangu umeharibika, nataka kuurekodi upya, na safari hii nataka yeye ndiye ashike simu ya kupiga picha, kwa sababu mimi sikujua pa kusimama. Hilo atalikubali, anapenda kuwaelekeza watu pa kusimama. Simu ni nyepesi, kushoto kunatosha.

Mashindano yalikwisha. Wimbo nimeuacha ulivyo, mikato yote nimeifuta, nimezihamisha picha badala yake. Sasa kijana ananyanyua upanga, anangoja, jembe lenye ufa likilia ndipo anapoushusha. Ilinichukua muda kuliko yote ya mwanzo, na umeme ulikatika kama kawaida. Ameshinda mtu wa Mbeya. Neema ameniandikia pembeni akiuliza kwa nini kwenye video yangu kila mtu anangoja.

Msalimie bibi, mwambie nimepata dawa yake ya mguu, nitakuja nayo. Msalimie kaka Kulwa na umpe ule mzigo wa kumsindikiza baba niliokueleza hapo juu. Dada Doto mwambie simnyimi barua kwa ubaya, ila ana mdomo. Shangazi Ng'washi na wanakwaya wenzako wote nawasalimu, na Mzee Maduhu mwambie viazi vyake vimefika hadi kwenye kompyuta. Baba mpe shikamoo yangu, na ukimpa, mtazame anaipokea kwa mkono gani.

Likizo nimeiomba, nimekubaliwa, nitakuwa nyumbani mvua za kwanza zikinyesha. Safu ikipangwa nitasimama mahali pa baba na lile jembe lenye ufa nitalishika mimi. Wewe imba kwa kasi yako ya zamani, mayu. Mimi usinisubiri.

Mwanao anayefuata mapacha,
Shija