Uje kwa Njia ya Bandarini

Kirkwall, 9 Novemba 2004

Dada yangu Thora,

Salamu nyingi kutoka huku kisiwani kwenye upepo. Hujambo? Mguu umepona? Mimi sijambo, tena ni zaidi ya sijambo. Krismasi iliyopita, na miaka yangu sabini na minne, niliutwaa Mpira peke yangu, nikawaangusha wapinzani saba, Watu wa Juu, nikajitosa nao bandarini, na sasa umening'inia dirishani kwangu kila mpita njia auone.

Haya, uongo. Nilikuwa dirishani kwa Peggy Drever nikitafuna mkate wa shayiri, na kinachoning'inia kwangu ni suruali. Lakini nilipiga kelele mpaka meno ya bandia yakanitoka yakaanguka barabarani, na Mtu wa Juu mmoja akayasaga kwa buti. Kwa hiyo usiseme sikuumia.

Siku hizi natembeza wageni wanaoshuka kwenye meli kubwa. Hakuna aliyenituma. Nawaonyesha kanisa kuu, lile linalotufanya tujiite jiji ingawa unaweza kulimaliza jiji lenyewe kwa miguu kabla sigara haijaisha. Nawaonyesha nguzo alimolazwa Mtakatifu Magnus na fuvu lake lenye tundu la shoka. Mama mmoja wa Kimarekani akaniuliza, "Aliuawa na maadui?" Nikamwambia, "Hapana mama, na binamu yake. Sisi kazi za nyumbani hatuwaachii wageni."

Halafu nawaeleza Mpira. Kwamba Krismasi na Mwaka Mpya maduka yanapigiliwa mbao, mpira mmoja wa ngozi unarushwa mbele ya kanisa, na wanaume mia mbili, mia tatu, wanaurukia. Watu wa Juu waufikishe kwenye ukuta wao kule juu ya mji, sisi Watu wa Chini tuutumbukize bandarini. Refa hakuna. "Na sheria je?" wananiuliza. Nawajibu, "Ipo. Usimuue mtu makusudi."

Sasa neno lenyewe. Mwanao Erlend ameniandikia. Anataka kuja kucheza Mwaka Mpya. Nimefurahi mpaka nimemwambia paka. Yeye kazaliwa Aberdeen na hajakanyaga hapa hata siku moja, kwa hiyo kwa sheria ya wazee upande wake ni ule wa njia atakayoingilia mara ya kwanza. Aje kwa meli! Akiingilia bandarini ni wetu. Akija kwa ndege ataingilia juu, na itanibidi nimtwange mtoto wa dada yangu, jambo ambalo daktari kanikataza kwa ajili ya moyo.

Kaka yako,
Ertie


Aberdeen, 21 Novemba 2004

Kaka Ertie,

Nimepokea barua yako. Mimi sijambo. Mguu haukuwa na kitu, ulikuwa mkono, nao umepona. Natumaini moyo wako unaendelea vizuri kuliko kichwa chako.

Sandy tulimzika Machi. Ulituma maua, nami nilishukuru, ingawa ulimwandikia "kwa shemeji yangu, Mtu wa Juu, pumzika chini." Erlend alicheka. Mimi nilicheka baadaye sana.

Unajua kwa nini mume wangu hakupumua vizuri miaka yote ile. Mwaka 1961 baba alimkuta ameanguka katikati ya rundo la watu kwenye Mpira, akamkanyaga kifua kwa buti, akarudia, akarudia tena, kwa kuwa kijana wa Juu alikuwa amethubutu kunichumbia. Mbavu ziliunga vibaya. Akilala kifua kilikuwa kinapiga mluzi. Nimelala na mluzi ule mpaka Machi, na sasa silali kwa sababu haupo.

Nilipouhama mji ule nilisema sitarudi, na sitarudi. Erlend ni mtu mzima, anachomelea vyuma kwenye mitambo ya mafuta baharini, siwezi kumfungia chumbani. Anasema anataka kuona tu mahali baba yake alipokuwa akisimama. Basi wewe niapie. Aone, ale, anywe, lakini asiingie kwenye rundo. Watu wenu hawajabadilika.

Dada yako,
Thora


Kirkwall, 3 Desemba 2004

Dada Thora,

Nakusalimu tena, na mkono nao nausalimu.

Naapa. Naapa kwa kaburi la mama, na unajua kwa mama sifanyi mzaha, kwa baba ndiyo nafanya. Atasimama nami dirishani kwa Peggy, mkate mkononi. Akitaka kushuka nitamkalia.

Lakini aje kwa meli. Kutazama nako kuna upande wake.

Kaka yako,
Ertie


Aberdeen, 29 Desemba 2004

Kaka Ertie,

Barua hii anayo Erlend mkononi. Hatujambo. Bahari imechafuka, meli zimefutwa, na kesho anapanda ndege. Mambo yako ya juu na chini yamalize mwenyewe na Mungu.

Kaka, uliapa.

Thora


Hospitali, Kirkwall, 5 Januari 2005

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo nikiwa sicheki, sikohoi na sivuti pumzi. Usitishike na neno hospitali. Chakula ni kibaya kama cha mama, nahisi nimerudi nyumbani.

Nianzie uwanja wa ndege. Nimefika, namkuta nani? Geordie Heddle, mdogo wake Sandy, na wanawe wawili na gari. Erlend anatoka, na uso ule wa Sandy, nikadhani naona mzuka. Geordie akamdaka mkono wa kulia: "Karibu, mwana wa kaka yangu!" Nikamdaka wa kushoto: "Muachie, mbwa wewe, huyu ni mpwa wangu!" Nikampiga Geordie mwavuli wa sikio. Akanipiga ngumi ya mdomo, bahati nzuri meno mapya yalikuwa mfukoni. Nikamuuma, kwa ufizi tu, lakini nia ilikuwepo. Erlend anapiga kelele, "Mjomba! Baba mdogo! Watu wanatazama!" Wana wa Geordie wakachoka kwa kucheka, na hapo ndipo nilipomsukumia kijana garini kwangu.

Je, nilimwingiza kwa juu? Sithubutu! Nilipita mashambani, katikati ya kondoo wa watu, mpaka ufukweni nje ya mji kwenye boti ya kina Drever. Nikampandisha. Alipiga makasia yeye, mimi nilikuwa nahodha. Theluji ya maji inatupiga usoni, mawimbi yanaingia, anatapika huku akinitukana, na matusi yake ni mazuri, umemlea vyema. Akapanda ngazi za bandarini na rangi ya jibini. Nikamwambia, "Karibu kwenu, Mtu wa Chini."

Mwaka Mpya nikamweka dirishani kwa Peggy kama nilivyoapa. Mpira ukarushwa. Unakumbuka, Thora? Ule mvuke unaowatoka watu kama sufuria ya viazi. Rundo likagonga mbao za duka la chini yetu mpaka nyumba ikatikisika. Mmoja katolewa juu ya vichwa vya watu, taya halipo mahali pake. Mwingine anatema damu na kuuliza mpira uko wapi.

Erlend akaniuliza taratibu, "Mjomba, baba alikuwa anasimama wapi?" Mimi mpumbavu nikamwonyesha kidole: pale, kwenye mlango wa benki. Akavua koti, akanipa nilishike, akashuka ngazi. Kabla sijameza tonge yuko ndani. Na yuko upande gani? Kaegemeza mgongo pale pale alipoegemeza Sandy, anasukuma na Watu wa Juu! Baada ya boti yote ile! Nilimwita kila jina baya mpaka Peggy akafunga dirisha.

Nikashuka nimpige. Nilipambana na wanne, wakanivunja mbavu, nami sikuwaacha salama. Mpira ukafika ukutani kwao. Tumeshindwa, sitaki kulizungumza.

Mwanao yuko salama. Pua imepinda kidogo, imempendeza. Niliapa nikashindwa, kwa hiyo nitukane, nimelala tayari.

Kaka yako,
Ertie


Aberdeen, 11 Januari 2005

Kaka Ertie,

Unaendeleaje? Jibu ukweli safari hii.

Erlend amefika. Nilimwosha ile pua kama mtoto, naye akanisimulia.

Hukuingia kumpiga. Alikuwa ameanguka, yuko chini kabisa, uso kwenye mawe, watu juu yake, na pumzi imekwisha. Anasema alikuwa ameshaacha kusikia kelele. Ndipo akaona mzee anatambaa katikati ya miguu, hana meno, anakuja. Ukamlalia mgongoni, ukamfunika kichwa kwa mikono. Na waliokukanyaga hawakuwa Watu wa Juu. Walikuwa watu wako, hawakujua ni nani yuko chini. Alikusikia ukiwatukana mmoja mmoja kwa majina yao, na majina ya mama zao. Alisikia mbavu zako zikivunjika juu yake, kama kuni kavu. Hukuondoka mpaka Geordie alipopiga kelele kwamba kuna mtu chini, na wote wakasimama.

Kwa nini hukuniandikia hivyo?

Dada yako,
Thora


Hospitali, Kirkwall, 18 Januari 2005

Dada Thora,

Salamu. Erlend ni mwongo, amerithi kwa mjomba wake. Nilijikwaa nikamwangukia. Mahali pa kuangukia palikuwa pachache.

Geordie alikuja jana. Watu wa Juu, kwa desturi ya washindi, wamempa yeye Mpira awe nao daima, zawadi ya miaka yake yote ya kuvunjwa. Kauleta hapa kitandani, akaniwekea mapajani. "Shika, kizee," anasema, "hutapata mwingine." Nikamwambia auondoe kabla sijautemea. Hakuuondoa. Ni mzito, Thora, nilikuwa nimesahau. Akakaa mpaka jua likazama, tukamsema Sandy vibaya, tukamsema baba vibaya zaidi. Akala na chakula changu chote.

Daktari anasema nitatoka wiki ijayo. Mbavu zinaunga, lakini si sawa. Nesi wa zamu ananitania kwamba nikilala napiga mluzi, na wimbo wenyewe haujulikani. Sikumwambia kwamba wewe unaujua.

Sasa, kuna kitu changu unacho. Siku ile ya 1961 ulipotoroka nilikupitisha mlango wa nyuma nikakubebea sanduku mpaka melini, na niliporudi baba alinitoa meno mawili, ya kwanza kunitoka. Sanduku lile la kahawia lilikuwa langu. Ulisimama kwenye sitaha ukaniambia, "Nitalirudisha, Ertie." Nimesubiri kwa adabu kubwa, nadhani unakubali.

Nalitaka. Lakini usilitume kwa posta, watavunja kishikio. Lilete mwenyewe. Na kwa kuwa umekaa nje muda mrefu hivi, wazee wa hapa wanaweza kusema upande wako umefutika, inabidi uingie upya. Basi usije kwa ndege, dada. Uje kwa njia ya bandarini. Nitakuwa nimesimama pale ngazini, na sanduku nitalibeba mimi.

Kaka yako,
Ertie