Shimo Letu na Wageni Wawili wa Heshima

Jumatatu, 7 Aprili
Nimelipima tena shimo la barabara yetu. Fimbo imezama mpaka mkononi. Springi ya pikapu imevunjika, ya pili tangu Ramadhani. Fundi siku hizi ananisalimia kama mkwe wake. Nina hasira na sina pa kuipeleka.

Jumatano, 9 Aprili
Habari kutoka Jinja. Kwanjula ya mjukuu wangu Saada ni Jumamosi tarehe 26. Wakwe watakuja kujitambulisha, basi zima. Shangazi wa bwana harusi hamtaki Saada, anatafuta sababu tu. Amesema basi likikwama matopeni wanageuza, hiyo itakuwa ishara ya Mungu. Mungu gani anakaa ndani ya shimo la mtaa wetu wa Bwaise?
Saada amelia jikoni. Kasema ni vitunguu. Vitunguu vyenyewe viliisha jana.

Alhamisi, 10 Aprili
Shimo liko mpakani mwa ofisi mbili. Injinia wa ofisi ya kwanza, kijana wa tai, amesema ni la wenzao. Injinia wa ofisi ya pili, mama wa miwani, amesema ni la wale wa kwanza. Nikamwambia, "Nnyabo, nikijaza petroli nakatwa kodi ya barabara. Mbona pale hakuna anayeniuliza niko upande gani?" Amecheka. Amenipa fomu ya Kiingereza. Mimi shule niliiacha darasa la tano. Fomu nimefunikia maziwa.
Zamani leseni ya barabara ilikuwa karatasi ya kubandika kwenye kioo. Mjanja alikwepa. Sasa wameitia ndani ya mafuta, hukwepi. Hata jenereta ya kinyozi wetu inalipa kodi ya barabara, na haijatembea hatua moja.

Jumapili, 13 Aprili
Nimeamka na akili. Mwaka jana mheshimiwa mmoja alikuja kufungua kisima mtaa wa pili. Barabara yao ilipakwa lami kwa siku mbili. Mheshimiwa alikaa dakika kumi, hata maji hakunywa. Hapa kwetu barabara haitengenezwi kwa kuwa imeharibika. Inatengenezwa kwa kuwa mtu anakuja.
Basi nitaleta mtu. Nitaleta wawili.

Jumanne, 15 Aprili
Kadi zimechapwa, zina maua na dhahabu. Moja: mgeni wa heshima, Bwana Injinia. Ya pili: mgeni wa heshima, Madamu Injinia. Chini ya zote: atazungumza na wananchi kuhusu barabara hii. Mke wangu Mwanaidi amesema sina haya. Nimekubali, tumeoana muda mrefu, hakuna cha kuficha.

Jumatano, 16 Aprili
Nimezipeleka kwa mkono, na kanzu nimevaa. Kila mmoja nimemnong'oneza kwamba mwenzake atakaa kiti cha pembeni yake, na kipaza sauti kitaanza kwa yule atakayekuwa ameliziba shimo. Wote wamekubali. Madamu ameisoma kadi mara mbili. Watu wanaomwendea huwa wanamtukana tu. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Jumanne, 22 Aprili
Mvua. Hakuna aliyekuja. Bata wa jirani anaogelea shimoni, raha mustarehe. Saada hasemi na mimi. Anadhani nimefanya siku yake kuwa mchezo. Pengine kweli. Naogopa. Hilo naliandika hapa tu.

Alhamisi, 24 Aprili
Lori la mawe limefika asubuhi. La ofisi ya kwanza. Sijamaliza chai, lori la pili hili hapa, la Madamu. Wakaanza kugombana katikati ya njia.
"Hili shimo letu," kijana wa tai.
"Lenu tangu lini? Ramani inasema letu," Madamu.
Nikawaambia shimo ni kubwa, litawatosha wote.
Bata ametolewa kwa nguvu. Wa kwanza wamejaza mawe na kushindilia. Wa pili wamemwaga lami. Mtaa mzima ulisimama kutazama, kinyozi aliacha mteja na nusu ya kichwa. Nimeshika lami ingali moto. Nimeungua kidole. Kidole kitamu.

Jumamosi, 26 Aprili
Basi la Jinja limepita bila hata kuyumba. Shangazi ameshuka na buti za mpira mpaka magotini. Kwenye lami kavu. Nikamwambia, "Karibu mama, mvua unayo kwenye mkoba?" Watu wamecheka, yeye mwenyewe mwishoni kacheka. Pilau amekula mara mbili.
Mainjinia wamehutubu wote wawili, kila mmoja kajisifu. Nimewapigia makofi kuliko wote. Wakwe wamepokewa. Saada kapiga magoti kuwasalimu, halafu akaniangalia mimi. Mzee mimi nimecheza ngoma mpaka goti likagoma. Tumeshinda. Tumeshinda kabisa.

Jumapili, 27 Aprili
Nyumba kimya. Sufuria zimeoshwa. Jioni nimemwambia Mwanaidi apande pikapu, twende mpaka njia panda turudi. Safari ya bure.
Tulipokuwa tunarudi nikamtazama. Amelala, kichwa kwenye kioo. Ndani ya gari hili hajawahi kusinzia, siku zote mkono mmoja kashika mlango.
Nyumba yetu nimeipita. Nikaendelea polepole, nisimwamshe.