Gari la Msiba na Chaja ya Muleba

Jumatatu, 2 Juni

Chai, dawa ya presha, kisha mjini. Gari la Kichina tulilichomeka kwenye chaja ya haraka ya Bwana Jamal, nje ya duka lake la vitambaa. Ni mmoja wa Wahindi wachache waliobaki mjini Bukoba. Kutoka asilimia ishirini hadi themanini, chini ya nusu saa. Waya mzito, lakini uliingia mara moja. Malipo kwa simu. Sina la kulalamikia.

Chama chetu cha kuzikana, hapa Kagondo, kinataka gari la kuleta marehemu nyumbani. Dizeli imetushinda. Wakala wa Mwanza ametuachia mawili ya umeme tuyajaribu: hili jipya na la Kijapani lililotumika. Wanachama wataamua Jumapili. Pendekezo ni langu, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti.

Sharti langu ni moja. Marehemu akitoka hospitali, gari halisimami mpaka nyumbani, kibanjani kwake. Chama kimefanya hivyo miaka yote ya uenyekiti wangu. Jeneza lisubiri umeme huku watu wanakunywa soda? Hapana.

Jumanne, 3 Juni

Gari la Kijapani. Chaja ni ile ile, waya mwingine. Lilikataa mara mbili. Dereva wetu, Deusi, alichomoa, akafuta vumbi, akachomeka tena. Likakubali. Ilichukua karibu saa nzima. Betri imechoka, na ikipata joto inapokea umeme polepole zaidi. Bwana Jamal alichomeka gari lake la Kikorea kwenye waya wa pili baada yetu, likajaa, akaliondoa. Sisi bado.

"Mwalimu, hilo lako linanyonya kama mtoto mgonjwa," akaniambia.

Nilimjibu kwamba si mtoto, ni mzee. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Bei yake ni nafuu mno. Ma Koku, mweka hazina, analitaka hilo. Nilimweleza habari ya kusubiri. Akasema mbele ya watu, kwa heshima ya Kihaya kwa mzee, "Ta, kwani marehemu ana haraka ya kwenda wapi?"

Ameniudhi.

Alhamisi, 5 Juni

Hospitali ya Rubya, kumwona mdogo wangu Kaijage. Amelazwa huko kwa kuwa ni karibu na kwao mkewe. Tulikwenda na la Kijapani kwa makusudi. Baada ya Izigo, kila kilima kilikula umeme. Muleba ilibidi tuchaji. Chaja ya pale ni ndogo kuliko ya mjini. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu malori. Nilichukia.

Wodini walijaa wageni. Kaijage hakumaliza uji. Aliuliza habari za magari.

"Kaka, mnaninunulia mimi?"

Shemeji alimkemea. Yeye alicheka mpaka akakohoa. Sikupata nafasi ya kukaa naye.

Ijumaa, 6 Juni

Kaijage amefariki alfajiri.

Wakala alilichukua la Kichina jana kulionyesha wateja Biharamulo. Lililopo ni la Kijapani. Nimepiga simu kila mahali kutafuta gari la dizeli. Sikupata.

Jumamosi, 7 Juni

Tumemleta.

Tulifika Muleba betri ikiwa chini sana, na vilima vyote vikiwa mbele yetu. Deusi alinitazama. Nikasema aingie kwenye chaja. Sharti nililiweka mimi, nami nimelivunja, kwa ndugu yangu mwenyewe. Niliona aibu.

Mwanamke mmoja, mchuuzi wa samaki wa visiwani, alikuwa anachaji gari lake dogo la Kichina. Alipoona jeneza alizima redio, akachomoa waya wake.

"Poleni, mzee. Tangulieni nyinyi."

Nikamwambia kwamba letu huchelewa sana. Akasema samaki wake wana barafu.

Wafiwa waliokuwa kwenye basi dogo nyuma yetu walitaka kushuka. Niliwaamuru watangulie nyumbani. Waya ulikataa mara moja, kisha ukashika. Deusi alikwenda kusimama mbali.

Nilibaki ndani na Kaijage.

Nyumbani angekuwa wa watu wote: mke, watoto, ukoo, padri, waombolezaji. Pale alikuwa na mimi tu. Nilizungumza naye Kihaya. Kwanza nilimkemea kwa kutangulia kabla yangu. Mengine sitayaandika.

Deusi alirudi, akagonga kioo taratibu. "Mwalimu, themanini. Inatosha kufika."

Nikamwambia angoje ifike tisini.

Hatukuihitaji tisini.

Jumapili, 8 Juni

Mazishi. Watu wengi. Mkutano wa chama umeahirishwa. Miguu imevimba.

Jumatano, 11 Juni

Mkutano umefanyika. Nilisoma matokeo ya majaribio kama yalivyo: la Kichina linachaji haraka na halisumbui, la Kijapani ni la polepole na lina matatizo ya waya. Nikapendekeza la Kichina, kwa sababu ndilo bora. Ma Koku akapendekeza la Kijapani, kwa sababu ndilo tunaloliweza. Nikasema pia kwamba sharti la kutosimama njiani nimeliondoa. Hakuna aliyeuliza sababu. Ma Koku alinitazama kidogo, akaendelea kusuka mkeka wake.

Kura zimekwenda kwa la Kijapani. Sikubishana.

Jioni nimemwagiza Deusi alipeleke kwa fundi. Kule nyuma, kando ya mahali pa jeneza, afunge kiti kimoja.