Kamera ya Mama Pietzsch

Dresden, 3 Machi

Mwanangu Anke,

Hujambo huko Kiel? Jörn na watoto hawajambo? Mimi nyonga mpya imeshika, natembea na fimbo, daktari ameridhika. Adabu nimetimiza, sasa nisikilize.

Jana nilirudi kutoka hospitali nikakuta meza ya jikoni inang'aa. Moyo ukanipasuka. Nikafungua kabati: mataulo! Kamera zangu ziko wapi? Nani alikutuma usafishe? Yale unayoyaita makopo ndiyo spea zangu, Anke. Hakuna duka linalouza springi ya kamera ya mwaka sitini. Unaitoa kwenye maiti ya mwenzake.

Na hilo bado dogo. Juu ya friji kulikuwa na kamera niliyoifungua, skrubu zake nimezipanga kwenye trei ya mayai. Ile haikuwa yangu. Ni ya Mama Pietzsch wa ghorofa ya pili, aliachiwa na marehemu mumewe, Siegmar. Asubuhi nimekutana naye kwenye ngazi akaniuliza, "Bwana Gotthard, mgonjwa wangu anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri. Umri wangu huu, umenifanya nimdanganye mjane kwenye ngazi!

Iko wapi?

Baba yako

Kiel, 8 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, mdogo ana mafua tu. Nafurahi nyonga imepona. Umemaliza kufoka? Sasa zamu yangu.

Ulianguka kwa sababu ulipanda kiti kutafuta gia juu ya kabati. Ulilala sakafuni ukigonga bomba mpaka Mama Pietzsch akasikia. Nilipofika nikakuta chupa za petroli ya kujazia viberiti zimejipanga kando ya jiko la gesi. Petroli, Baba! Kando ya moto! Na juu yako wanalala watu na watoto wao. Nilisafisha huku nalia, na ningesafisha tena.

Nimewapigia simu watu wa taka. Vyuma vile vimeshapelekwa kuyeyushwa. Trei ya mayai niliitupa kwa sababu ni trei ya mayai! Ningejuaje? Hunielezi chochote. Ukinipigia simu unaniuliza kama kuna mvua.

Nitamnunulia nyingine kama ile. Mtandaoni zimejaa.

Binti yako

Dresden, 30 Machi

Anke,

U mzima? Mimi mzima.

Kifurushi kimefika na nakirudisha. Uliyonunua imekwama, haivuti filamu. Ulidhani nitaitengeneza mimi, nikupe ukaitoe kama zawadi ya sikukuu?

Mama Pietzsch nimemweleza ukweli. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema, "Aha," akafunga mlango. Tangu siku ile akishuka na taka ananipita kama nguzo.

Unauliza ungejuaje. Basi jua. Ifungue wewe, kwenye meza yako, kwa vidole vyako. Halafu uniambie kama ni kopo.

Baba yako, hata hivyo

Kiel, 26 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hatujambo wote, ila usiulize habari za vidole vyangu.

Kumbe ile nati ya wenzo wa kuvutia filamu inafunguka kinyume! Ulikuwa unajua. Bila shaka ulikuwa unajua! Jumapili nzima nimeikaza nikidhani naifungua, bisibisi ikateleza ikanichoma kiganja. Jörn akasema, "Si uipeleke kwa fundi?" Nikamwambia, "Fundi ni baba yangu, na amegoma."

Ngozi ya nje niliibandua kwa dawa ya kufutia rangi ya kucha. Springi moja iliruka nyuma ya friji, nikaitafuta nikitambaa kwa tumbo na tochi. Sasa filamu inavutika, lakini lile pazia dogo la ndani linafunguka halafu halifungi. Linaganda katikati, linanitazama. Nataka kuitupa dirishani.

Nakasirika, naiweka chini, naosha vyombo, narudi kuishika tena. Hukuwahi kuniambia kwamba iko hivyo.

Niambie la kufanya.

Binti yako

Dresden, 29 Aprili

Mwanangu,

Salamu baadaye. Dawa ya kucha! Ile inakula rangi! Utakuwa umefuta namba zote. Nani alikulea wewe? Ngozi unaipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, inalainika, unaibandua taratibu.

Pazia halifungi kwa sababu grisi ya zamani imekuwa gundi. Lowesha ncha ya pamba kwa petroli ya viberiti. Ndiyo, ileile. Tone tu, dirisha wazi, mbali na jiko, usiandike kunicheka. Futa meno ya gia, bonyeza, futa tena. Usitie mafuta. Ukitia mafuta nakuja Kiel na fimbo hii.

Baba yako

Dresden, 12 Juni

Mwanangu Anke,

Natumai treni ya kurudi haikukuchosha, na watoto umewakuta salama. Ungengoja saa moja tu ungeyaona mwenyewe.

Ulipompelekea kamera uliyoitengeneza na Mama Pietzsch akakuambia mlangoni kwake, "Hii si ya Siegmar," ulimwachia ukaondoka umeinamisha kichwa. Jioni akaja kwangu na ile kamera yako. Akakaa, akabonyeza. Klak. Akabonyeza tena. Akasema, "Ya Siegmar ilikaa hapa miaka miwili, Bwana Gotthard. Miwili! Si ungeniambia tu kwamba huwezi?"

Kwangu! Kwenye meza yangu! Nilichemka. Nikamwambia naweza, kilichonichelewesha ni spea. Akanisogezea bisibisi. "Basi kaza skrubu hii ya juu, imelegea."

Umeiacha imelegea, Anke.

Nikashika. Ncha ikagonga huku, ikagonga kule, mfereji wa skrubu siupati. Mama Pietzsch akageuka kutazama dirishani, akatazama mpaka nilipoiweka chini. Kisha akaikaza mwenyewe kwa ukucha, akasema Jumamosi atakwenda nayo mtoni kupiga picha bata.

Nimemkasirikia yeye. Nimekukasirikia wewe, maana makopo yale ungeniachia, hakuna ambaye angejua. Mkono huu ulianza kutetemeka mwaka aliofariki mama yako. Ninaukasirikia kuliko nyote.

Njoo mwezi ujao. Bwana Pohl wa chini ameleta kamera yake, imekwama vilevile. Nimeipokea. Sijamwambia ni mkono wa nani utakaoifungua.

Baba yako