Nishani za Marehemu Kaka Yako

Babu Mdogo, shikamoo.

Sisi hatujambo. Nimemaliza shule, na kuku wa Bibi wameanza kutaga tena.

Nilikwenda ofisi ya kumbukumbu za jeshi kuomba marehemu kaka yako aongezewe nishani mbili zilizosahauliwa. Karani alinitania, akaniita "kamanda", kisha akasema anatakiwa shahidi aliyekuwa kikosi kimoja na marehemu. Nikakutaja wewe. Aliacha kutabasamu.

Leo asubuhi wanaume wawili wameleta nishani zenyewe nyumbani, bila shahidi wala sahihi.

"Huyo mzee uliyemtaja aje azipokee kwa mkono wake, binti," alisema mmoja. "Siku hizi anakaa wapi?"

Bibi akajibu kwamba ulifariki juzi. Wakampa pole, wakasema kesho watarudi kutoa heshima kaburini.

Walipoondoka ndipo nikaambiwa kwamba ulitoroka jeshini na bado unasakwa. Nilidhani Bibi atanigombeza. Alisema tu, "Maji yakimwagika hayazoleki, mke mwenzangu. Lete jembe."

Usije, Babu, wala usijibu. Mjomba anachimba kaburi lako kando ya la kaka yako, nami natumwa kuwaita majirani waje kulia.

Mjukuu wako, anayekuombea umri mrefu.